Masista Kumi na Saba wa Mama Rosina

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo, kati ya saa mbili asubuhi na adhuhuri, tumepoteza bustani ya mama. Aliyeing'oa ni kaka yangu Alphonce, kwa jembe, mchana kweupe, tena akipiga mluzi.

Naandika nikiwa bado na hasira, ili kesho nisije nikajidanganya kwamba haikuwa hivyo. Mama Rosina alifariki mwezi wa tano. Kabla hajafa aligawa kwa mdomo wake, mbele yetu sote: nyumba ya juu ya Alphonce, maua ya Edina, ndiye mimi. Sikubisha. Nina nyumba yangu hapa chini. Nilianza kwa kuuza misumari ya kupima kwa kikombe, leo nina duka la bati na saruji hapa Namswea, na hakuna mwanamume anayeweza kusema alinishika mkono. Nyumba sikuihitaji. Maua niliyataka.

Ni aina moja tu. Vichaka vya kufika kiunoni, majani mapana kama kiganja, na kila tawi limebeba mpira wa maua madogo madogo ya buluu. Mtawa mmoja wa misheni alimpa mama kijiti, zamani zile mama akifagia zahanati. Jina la ua hilo hakumwambia, au alimwambia likapotea njiani, basi mama akawaita Masista. Kutoka kijiti kimoja akapata vichaka kumi na saba kuzunguka kibaraza. Kimoja alimpelekea dada yake Liuli, kule ziwani, kikachanua rangi ya waridi. Mama alicheka mwaka mzima: "Sista akishuka ziwani anabadilisha kanzu!" Mwaka uliofuata mbuzi wakakila, kicheko kikaisha.

Alikuwa na sheria moja. Sista hahamishwi kwenye jua la Oktoba. Umsubiri mpaka mvua ishike, ndipo umwombe. Mimi nilikuwa nasubiri Desemba.

Leo nimepanda kuchungulia kibaraza, nikakuta mashimo. Wote kumi na saba wamehamishiwa kaburini. Kaburi liko katikati ya nyumba zetu mbili, kwenye mteremko, halina hata mti wa kumpa kuku kivuli. Wamehamishwa na maua yao yote kichwani, na saa saba mchana wote wameinama kama watu waliofiwa upya.

"Kaka, umefanya nini?"

"Jumamosi ijayo ni Siku ya Marehemu. Kaburi la mama lisikae kama la mtu asiye na watoto."

"Mama alisema wasubiri mvua."

"Mama hayupo, Edina."

Akapangusa jembe kwa majani, akaenda zake. Jambo moja tu amelifanya la akili: kila Sista amemweka ndani ya shimo, kama mashimo yetu ya ngoro ya mashambani, ili maji yakimwagwa yasikimbie mteremko. Hilo nampa. Mengine simpi.

Jumapili, 27 Oktoba

Kabla ya Misa wamesimama wote. Saa saba wamelala wote. Jioni wamesimama tena. Hesabu hii siielewi. Nimewamwagilia ndoo moja wakiwa wamelala.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jua haliangalii mtu usoni. Nimechukua bati nane dukani, nimezisimamisha juu ya nguzo upande wa kaburi linakopita jua. Kivuli safi, mistari imenyooka. Kazi ya nusu saa, na Alphonce kakaa kibarazani kwake ananitazama.

Jumanne, 29 Oktoba

Bati zimewapika. Majani yaliyokaribia bati yamekuwa meusi ukingoni kama karatasi iliyopita kwenye moto.

Margareta, mke wa Alphonce, alipita na kuni kichwani. Huyu ni mtu wa Mbamba Bay, na mtu wa ziwani hapiti mahali akanyamaza.

"Wifi, unawaezekea au unawakaanga? Kwetu dagaa wa usipa tunawakausha hivyo hivyo."

"Pita wifi, kuni zitakuvunja shingo."

"Shingo yangu nzima. Waangalie wenzako hapo, shingo zao ndizo zimevunjika."

Nimeng'oa bati. Nimechomeka matawi ya miti yenye majani, upepo upite katikati. Nilipaswa kuanza na hayo, lakini mtu hutibu kwa dawa aliyonayo, na mimi dukani nina bati.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Joto. Vumbi. Masista chali.

Jumamosi, 2 Novemba

Mwalimu Urbani, katekista wetu, alifika saa sita kasoro na kopo la maji ya baraka. Padre yuko parokiani, makaburi ya majumbani kamwachia yeye. Majirani walikuwepo, watu wa jumuiya walikuwepo, hata jirani yetu baba yake Othmar aliyekuwa hasemi nasi tangu ugomvi wa mpaka alikuja na kofia mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti Rosina. Ee, haya maua yanaumwa?"

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Mwalimu akanyunyizia kaburi, halafu akageuka akawanyunyizia Masista vilevile, akasema nao wanahitaji. Wakacheka zaidi. Alphonce naye akacheka.

Kile kicheko chake ndicho kilinimaliza. Nilikuwa nimeamka na giza siku sita mfululizo kubeba maji. Mikono yangu ina malengelenge, mimi ambaye mifuko ya saruji hainitoi malengelenge. Na yeye aliyeharibu anacheka.

Nikasema, na sauti yangu ni kubwa kwa asili: "Cheka kaka. Mei tulimzika mama tukiwa wote. Leo umemzika mara ya pili, peke yako."

Alphonce alivaa kofia yake, akapanda njia ya nyumbani kwake. Mwalimu Urbani akaanzisha wimbo haraka, watu wakaudaka.

Sitajuta. Nilisema kweli.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani alikaa upande wa pili.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilisalimia. Hakuitikia. Alikuwa anafunga mbuzi, labda hakusikia. Alisikia.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimefanya jambo lililoniuma kuliko nilivyotarajia. Hesabu ni rahisi: mzizi uliokatwa na jembe hauwezi kulisha kichwa kizima. Ukibaki na wafanyakazi wawili, huwezi kuendesha maduka matano. Kwa hiyo nimekata. Mipira yote ya buluu, kwanza. Kisha vichwa vya matawi, nusu ya majani. Nilianza na Sista aliyekuwa karibu na msalaba, nikapumzika, nikalia kidogo kwa sababu hakuna aliyeniona, nikaendelea mpaka wa kumi na saba.

Vipande nimevitupa kwenye rundo la takataka mpakani, upande wa Alphonce. Makusudi. Avione.

Jioni nimeweka majani makavu juu ya udongo, kuzunguka kila shina. Udongo chini yake ulikuwa na unyevu mzuri. Nilijisifu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza! Dakika chache tu, ya kutia vumbi harufu. Mtaani watu wamesimama mlangoni wanaitazama kama mgeni. Machipukizi madogo kwa Masista tisa. Nimeyahesabu mara mbili kwa furaha, siyo kwa mashaka.

Ningependa kumwonyesha mtu. Nilimwonyesha mteja aliyekuja kununua kitasa. Akasema, "Hongera mama, kitasa bei gani?"

Jumatano, 20 Novemba

Wanne wamelala asubuhi. Asubuhi! Kabla ya jua. Hawajawahi kulala asubuhi. Basi kiu imezidi. Nimeongeza: ndoo mbili badala ya moja.

Jumapili, 24 Novemba

Saba. Majani ya chini ni ya njano, laini kama ndizi iliyooza. Nimeongeza ndoo ya tatu. Mvua ya usiku nayo imesaidia, mashimo yalikuwa yamejaa nilipofika.

Nimempita Alphonce njiani. Ana jeraha begani, kama la mtu anayebeba kitu kizito kila siku upande mmoja. Nilitaka kuuliza. Nikakumbuka alivyocheka.

Jumatano, 27 Novemba

Sikumwagilia. Mvua siku nzima. Wateja wachache.

Jumapili, 1 Desemba

Leo naandika mengi, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Baada ya Misa nilikwenda moja kwa moja kaburini na ndoo. Margareta alikuwa amekaa juu ya jiwe, kama ananisubiri, anachambua mboga kwenye ungo.

"Wifi, keti."

"Nikimaliza kumwagilia."

"Ndiyo maana nimesema keti. Nikuulize. Haya ni maua au mpunga?"

"Una maana gani?"

"Maana kwetu kandokando ya ziwa, shamba likijaa maji namna hii tunapanda mpunga. Tunavuna, tunakula. Ninyi mnalima nini hapa?"

"Ninyi nani?"

Akaweka ungo chini. Akaniambia. Tangu ile Jumamosi ya Marehemu, Alphonce huteremka kila jioni baada ya mimi kufunga duka, anakwenda kijitoni, anarudi na dumu mbili begani, anawamwagilia Masista wote kumi na saba. Anangoja mimi niingie ndani. Hataki nimwone.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambieje? Ulimwambia mbele ya katekista kamzika mama yake mara ya pili. Mtu huyo atakuja kukuambia, 'Edina, naomba zamu ya kumwagilia'?"

Nilisimama na ndoo yangu. Lita kumi za asubuhi, zikawa ishirini, zikawa thelathini. Za kwake jioni arobaini. Juu yake mvua. Na vyote vinaingia kwenye mashimo yasiyo na njia ya kutoka. Mtoto yeyote wa Kimatengo, hata yule anayefeli shule, anajua kwamba shimo la ngoro ni la maji, na mmea hukaa juu kwenye matuta yake. Alphonce aliwapanda ndani ya shimo kwa sababu ya jua la Oktoba. Mimi nilimpa sifa kwa hilo. Kisha mvua ikaja, na sisi wawili, watoto wa mkulima wa ngoro, tukaendelea kujaza mashimo.

"Lakini walikuwa wanalegea," nikasema. "Kila saa saba wanalegea."

"Ee, mama alikuwa anasema nini? Usimhukumu Sista saa saba mchana. Saa saba analala hata akiwa amekaa ndani ya kisima, kwa sababu ya jua tu. Mtazame alfajiri. Akiwa amelala alfajiri, ndipo ana neno." Akanitazama. "Hukuwahi kumsikia?"

Sikuwahi. Miaka yote nilikuwa nafika kwa mama jioni, duka likishafungwa. Jioni Masista walikuwa wamekwisha simama.

Nilitaka kuondoka, Margareta akanishika kanga.

"Na lingine, maana leo nimeamua. Nani alimwambia awahamishe?"

"Yeye mwenyewe."

"Septemba ulikuwa Songea kununua mzigo. Ukapiga simu, kaka yako kaweka sauti kubwa, nami nilikuwa jikoni nasikia. Ulisema, 'Kaka, Siku ya Marehemu sitaki kuona maua ya plastiki kwenye kaburi la mama. Nataka maua yanayoishi, ya kwake.' Ukakata. Akaniuliza, 'Margareta, mwezi wa kumi maua yanayoishi nitayatoa wapi?' Akazunguka kibaraza siku tatu."

Nimeikumbuka simu hiyo. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za duka la jumla, nabishana na kuli. Nilimaanisha mashada machache ya kukatwa, ya kuweka kwenye chupa. Sikusema chupa.

Jumatatu, 2 Desemba

Duka sikufungua. Nimemng'oa Sista mmoja kati ya waliolala, nimwone chini. Mizizi ni myeusi, inateleza vidoleni, inanuka kama maji ya ngozi. Hakuwa na kiu hata siku moja.

Nimechimba, nimepandisha matuta, nimewainua waliobaki hai, kila mmoja kwenye tuta lake, mizizi iliyooza nimeikata kwa kisu. Kumi. Peke yangu. Udongo umeniingia mpaka kwenye meno.

Sikumwambia Alphonce.

Jumanne, 3 Desemba

Asubuhi nimekuta mfereji umechimbwa upande wa juu wa kaburi, kina cha kiganja, unazungusha maji ya mteremko yapite pembeni. Umenyooka vizuri. Mimi sikuuchimba.

Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Ningeweza kupanda mlima. Ni hatua chache. Miguu ilikataa, na miguu yangu haijawahi kukataa kitu.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Wamebaki sita.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Wanne. Wenye mizizi michache walishindwa hata juu ya tuta. Alphonce amefika dukani kwangu! Alimwagiza kijana wangu wa dukani misumari ya inchi tatu, akalipa, akaondoka kabla sijatoka stoo. Kijana anasema aliuliza, "Dada yako hajambo?" Nikamuuliza ulimjibu nini. "Nilisema hajambo." Nilitaka kumpiga. Hajambo!

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kwenye kupeana amani Alphonce alishika mikono ya benchi lote, akafika kwangu, akaushika wangu pia. Mkono wake mgumu kama ubao. Hakunitazama. Nami nilitafuta neno, nikapata "Kristo", likaishia hapo.

Zamani nilimwona ni mtu wa kupokea: nyumba kapokea, kahawa ya baba kapokea, hata mke kamfuata ziwani akapokelewa kama mfalme. Sasa kila nikifumba macho naona bega lenye jeraha.

Jumatatu, 6 Januari

Leo asubuhi amekufa Sista wa mwisho, yule wa karibu na msalaba. Nilimtazama alfajiri, kama inavyotakiwa. Alikuwa amelala. Nikamvuta taratibu akatoka mzima, hakushika chochote.

Basi. Bustani ya mama, niliyopewa kwa mdomo wake, imekwisha mikononi mwangu. Ningemlaumu Alphonce kama ningeweza.

Jumamosi, 11 Januari

Margareta kaniita nikachukue usipa aliotumiwa kutoka kwao. Nilimwambia asubiri niagize kijana. "Njoo mwenyewe," akasema, "usipa haupokelewi na mwakilishi."

Nilipanda. Alphonce hakuwepo, kaenda Litumbandyosi kwenye msiba. Margareta hakunipeleka jikoni. Alinipeleka nyuma, kwenye bafu la kuogea, mahali ambapo maji yanatiririka kidogo na ukuta unatia kivuli. Pale kuna tenga kubwa la kuku limefunikwa juu chini. Akalifunua.

Vijiti. Vile vichwa nilivyovikata Novemba nikavitupa kwenye takataka makusudi avione. Aliviona. Alivichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, akavifunika kwa tenga jua lisivifikie. Vingi vimekauka. Sita vina majani mapya, mapana, mabichi. Kimoja kina kitone cha buluu cha ukubwa wa punje ya ulezi.

Nilichuchumaa. Nilivuta kimoja kidogo, kwa kidole kimoja tu. Kilikataa kutoka.

"Vimeshika," nikasema.

"Vilishika kabla ya Krismasi."

"Mbona hakusema?"

"Alisema atakuletea. Nikaandaa na kopo. Kisha akakaa chini, akasema hapana, sileti, mpaka Edina aseme."

"Niseme nini?"

"Wifi," akafunika tenga, "mimi nimekuitia usipa. Huo hapo."

Nilifika mlangoni akaniongezea: "Na ulisema mbele za watu. Usije ukarudisha kwa kunong'ona."

Jumapili, 12 Januari

Nilikwenda kwa Mwalimu Urbani baada ya ibada. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti Rosina, nilidhani umekuja kuniuzia bati." Kisha akakubali.

Jumatano, 15 Januari

Mvua imeshika, siyo ya kudanganya tena. Udongo wa kaburini haunati wala haukauki. Nimepandisha matuta sita, na mfereji wake sijaugusa.

Huu ndio ujumbe niliomtumia leo saa nne asubuhi. Naunakili hapa neno kwa neno, asije mtu akasema niliandika vingine.

"Kaka Alphonce, shikamoo. Neno nililosema Siku ya Marehemu nalirudisha. Hukumzika mama mara ya pili. Mimi ndiye niliyeagiza maua, wewe ulitii, na maji tuliyatia wote wawili. Jumamosi alfajiri Mwalimu Urbani atakuwepo kaburini pamoja na wale wale walionisikia, nami nitasema kwa sauti ile ile. Matuta yapo tayari. Watoto sita wako kwako, na vya kwako siwezi kuvichukua bila mkono wako. Sitaki maelezo wala sitaki unionee huruma. Nauliza swali moja. Unashuka nao Jumamosi tuwapande wote wawili, au hushuki? Ndiyo au hapana. Jibu linifikie kabla ya saa kumi na mbili jioni Ijumaa, nikiwa bado dukani."